Bakuli Lililozeekea Mgongoni

Matanga ya Mama yalipokwisha, sisi wanawake wa ukoo tuliingia jikoni kugawana vyombo. Kazi hiyo ina maneno mengi kuliko msiba wenyewe. Binamu zangu walikuwa wameshachagua sufuria wakiwa bado wanalia, maana mtu anaweza kulia kwa jicho moja na kupima unene wa sufuria kwa jicho la pili. Mimi nilisukumiwa kikapu cha vitu visivyogombewa: miiko iliyoungua, mifuniko iliyopoteza vyungu vyake, na bakuli jeupe la bati lenye ukingo wa buluu.

Ndani, bakuli lile lilikuwa jipya kabisa. Ua jekundu lililochorwa kwenye kitako lilikuwa bado linang'aa. Lakini ukiligeuza, mgongo wake ulikuwa umechubuka rangi yote, bati limebaki jeusi, limekwaruzwa na miiko na kucha. Binamu mmoja alicheka: “Bakuli gani hii inazeeka ku mugongo?” Wengine nao wakacheka. Mimi nililinusa, na sijui kwa nini nililinusa. Lilikuwa na ule uchachu wa unga wa muhogo, hafifu sana, na papo hapo nikasikia njaa. Sisemi hamu ya kula, kwa kuwa tulikuwa tumetoka kula wali na nyama ya matanga mpaka tukavimbiwa. Ilikuwa ile njaa ya zamani. Na nyuma yake likaja neno la Kiingereza ambalo sikuwa nimelitamka tangu utoto, neno abundant, nami nikakaa chini na bakuli mapajani.

Ninyi mliokulia Butembo nyakati zile za vita mtakumbuka jinsi tulivyosoma ovyo ovyo. Shule yetu ilikuwa imelala askari, na madawati yake yalikuwa kuni za kuivisha maharagi yao. Tantine, dada mdogo wa Baba, alikuwa mwalimu wa Kiingereza pale. Alipokosa darasa alitugeukia sisi watoto wa nyumbani. Kiingereza kilikuwa kimeingia mjini kwa mabavu: askari wa ng'ambo ya mpaka walikisema, na masanduku ya sabuni na biskuti kutoka Kampala yaliandikwa kwa hicho hicho. Baba alikuwa akisema kwamba lugha ya mwenye bunduki ni afadhali uijue kabla hajakuuliza kitu. Alisema hivyo, kisha akaenda Kyavinyonge kununua samaki wa kuuza, na barabara ikafungwa nyuma yake.

Tantine alikuwa mtu wa mizaha, na mzaha wake mkubwa ulikuwa barrière. Tulizijua barrière wote, ile miti iliyolazwa barabarani na vijana wenye bunduki wanaouliza maswali. Yeye alilaza mwiko mrefu kati ya vigoda viwili uani, akaandika neno kwa makaa kwenye ukuta wa jiko, halafu akalipigia kelele.

“Weye, neno! Simama! Unaitwa nani? Unatoka wapi? Unaenda kufanya nini?”

Sisi tulijibu kwa niaba ya neno, mikono juu. Kuitwa nani ilikuwa maana yake. Kutoka wapi ilikuwa asili yake. Kwenda kufanya nini ilikuwa sentensi, na sentensi kila mtoto alitunga yake. Ukijibu vizuri, Tantine aliinua mwiko na kusema, “Pita.” Ukikosea, ulirudi nyuma ya mstari. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Wakubwa waliopita njiani wakatuona tumeinua mikono mbele ya mwiko hawakucheka, na mimi niliwaona wana roho ngumu.

Siku ya abundant, maana ilikuwa rahisi. Mdogo wangu aliinua mikono akasema, “Miye naitwa abundant. Niko mingi. Niko tele, niko ya kuzidi.” Tantine akauliza lilikotoka, na kwa kuwa hatukujua, akatusimulia mwenyewe kutoka kwenye kamusi yake nene iliyopoteza jalada. Neno hilo, alisema, lilizaliwa kwa Warumi, katika neno lao la wimbi. Maana yake ya kwanza ilikuwa maji yaliyojaa mpaka yakapita ukingo wake. Kutoka hapo likatembea kwa miguu mpaka kwa Wafaransa, na hata sasa wako nalo, ni lile lile abondant la kitabu cha shule. Likavuka maji kwa Waingereza, Waingereza wakalipeleka Uganda, na sasa limeingilia mpaka wa Kasindi na kufika mtaa wetu wa Kimemi, uani kwetu.

“Na kila barrière waliliuliza karatasi?” niliuliza.

“Waliliuliza sana,” Tantine alijibu. “Kuna fasi moja waliliandikia vibaya. Waliweka herufi H mbele yake, sababu walizania linatoka mu neno ingine ya Kilatini, ile ya kuwa na kitu. Siku nyingi likatembea na ile H ya bure. Kisha watu ya kusoma wakasema: hapana, huyu hatoki ku kuwa na kitu. Huyu anatoka ku kumwangika.”

Wimbi nililijua. Baba aliwahi kunichukua Kyavinyonge, nikasimama ukingoni mwa ziwa wakati wachuuzi wanagombania makapu ya tilapia. Maji yalikuja, yakalowesha viatu vyangu vya misa, yakarudi. Yakaja tena, yakarudi tena. Niliyakasirikia kwa sababu sikuelewa yalikuwa yanatafuta nini. Kwa hiyo Tantine aliposema kwamba wimbi ndilo mama wa wingi, sikumwamini sana. Sentensi pia nilikosa. Nilibaki nyuma ya mwiko na deni la sentensi, na wadogo zangu wamepita wote.

Ni siku hizo hizo alipokuja Mama Mbusa. Watu walikuwa wanateremka kutoka upande wa Eringeti, njia nzima, na magodoro vichwani na mbuzi mikononi, na kila ua, kila parcelle ya Kimemi ilichukua wake. Kwetu alibaki mwanamke mmoja mrefu, mkimya, na mtoto wa kiume aliyekuwa bado anashika kikwembe cha mama yake kiunoni. Mtoto aliitwa Mbusa. Sisi Wanande hatuhitaji kuuliza mtu ana watoto wangapi, majina yanahesabu yenyewe. Mbusa ni mvulana wa sita. Mbele yake lazima wawepo Paluku, Kambale, Kasereka, Kakule na Katembo. Nilimtazama yule mama akinawa miguu, nikatazama njia nyuma yake, nikangoja. Nilitaka kuuliza, na Mama akanikanyaga mguu.

“Karibu sana,” Mama alimwambia. “Kaa bila wasiwasi. Hapa tuko na chakula mingi.”

“Wasingya,” yule mama alishukuru kwa Kinande. “Lakini sitakawia, dada. Nikiona ninawapa uzito, nitarudia ku shamba yangu. Maharagi inakaribia kukauka.”

Siku hiyo nilisikia Mama na Tantine wakinong'onezana nyuma ya jiko. Mama alisema, “Akijua tu kama hatuko na kitu, kesho anapanda barabara. Na ule upande banaua batu mu mashamba.” Tantine akauliza, “Sasa tutafanya nini?” Mama akajibu, “Atakuwa anaona sahani ya kujaa. Hiyo tu.” Niliyabeba maneno hayo siku nzima bila kujua pa kuyatua. Kama hatukuwa na kitu, kwa nini Mama alisema tuna chakula kingi? Mama hakuwa mtu wa uongo. Alitupeleka kitubio kila Jumamosi.

Na jioni, jua likiwa bado juu ya miti, jibu lilitoka jikoni mikononi mwa Mama: mlima wa bugali. Sijawahi kuona bugali kubwa namna ile. Ilikuwa mviringo, laini, imepanguswa kwa mwiko wenye maji mpaka inang'aa, na mvuke unapanda. Kando yake sombe ya kijani, majani ya muhogo yaliyotwangwa. Tulikaa wote kuzunguka sinia moja, Mama, Tantine, mgeni, Mbusa na sisi watoto. Nilifurahi sana. Nikajiambia kwamba Mama alikuwa anamtania Tantine tu nyuma ya jiko.

Kwetu mtu hali ovyo kwenye sinia la pamoja. Unamega upande wako, kidogo kidogo, unazunguka kwa heshima. Katikati ni kwa mwenye nyumba, na mgeni mwenye adabu hafiki chini. Mama alipenda kusema kwamba anayefika chini ya sahani amefika chumbani kwa mwenyewe. Kwa hiyo tulimega pembeni, na baada ya matonge machache Mama akasema, “Bon, mumeshiba.” Hakuuliza. Alitutangazia kama katekista anavyotangaza misa imekwisha. Akaliinua sinia na mlima wake, akalirudisha jikoni na kufunga mlango.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kila jioni. Mlima ulikuja, mlima ulirudi, na mimi nililala na njaa. Hapo ndipo akili yangu ilipovurugika kabisa. Kama chakula ni kingi, na nimekula, na Mama mwenyewe amesema nimeshiba, basi ubovu uko kwangu. Nilijiangalia tumbo. Niliamua kwamba nina minyoo, tena mikubwa, na siku moja nilimfuata Mama nikamwomba dawa.

“Minyoo ya wapi?” alisema.

“Ninakula bugali ya mingi na haifike fasi yoyote, Mama. Iko kitu ndani kinaikula mbele yangu.”

Mama alianza kucheka. Kisha kicheko kikamkwama, akanigeuzia mgongo, akatafuta mbegu za papai na kunitwangia. Nilizimeza zote na uchungu wake. Nilikwenda kuangalia kama minyoo imetoka, haikutoka, na njaa ikabaki pale pale. Wakati huo huo nilimwona Mama Mbusa naye anakula matonge yake machache, anaosha mikono wa kwanza, na kusema, “Nimeshiba kabisa, dada, chakula yenu iko mingi.” Nikamwonea wivu kwa kuwa na tumbo zima.

Angalau nilipata sentensi yangu. Nilisimama mbele ya mwiko, mikono juu, nikasema: “Bugali yetu iko abundant, na tuko na njaa.”

Wadogo zangu wakacheka. Tantine hakucheka. Alisema sentensi hiyo haipiti, kwamba neno hilo haliwezi kukaa nyumba moja na njaa, watafukuzana. Nikamwambia kwetu linakaa. Akatazama mlango wa jiko, akatazama tumbo langu, akachukua kitambaa na kufuta neno ukutani ingawa somo lilikuwa halijaisha. “Rudi nyuma ya mustari,” alisema, lakini kwa sauti ya chini, bila ule uaskari wake.

Mlima ulibomolewa na Mbusa. Alikuwa mdogo, na adabu ina mwisho wake kwa mtoto mwenye njaa. Siku hiyo mvua ilikuwa inapiga mabati na wakubwa walikuwa wanasikiliza milio ya mbali, wakijaribu kujua kama ni radi. Mbusa aliinuka kwa magoti, akazamisha mkono wote katikati ya bugali, na tukasikia kucha zake zikigonga kitu. Ngo. Alipotoa mkono, ndani ya shimo palikuwa peusi na pabaya, bati lenye rangi nyeupe iliyochubuka.

Mimi nilidhani Mama amesahau bakuli. Nilitaka hata kumwambia, “Mama, umeacha bakuli mu bugali,” kama mtu anavyomwambia mwenzake ameacha ufunguo mlangoni. Lakini nyuso zilinizuia. Mama alikuwa anatazama sakafu. Tantine alikuwa ameshika tonge mdomoni na hatafuni. Mama Mbusa ndiye aliyesogea wa kwanza. Alimrudisha mtoto chini taratibu, akasema, “Kula kando, Mbusa, nilikuambia.” Kisha akalowesha vidole vyake kwenye mchuzi wa sombe, akavuta bugali kutoka upande wake, na kuliziba lile shimo. Aliziba vizuri sana, kama mtu anayeziba ukuta wa nyumba ya udongo, akapangusa kwa kiganja mpaka mlima ukawa mzima tena. Mkono wake haukusita hata kidogo.

Mama aliinua macho akauona ule mkono. Wanawake wale wawili walitazamana, na ghafla wakaanza kucheka. Walicheka wakishikana mabega, machozi yakawatoka, Mama akawa anapigapiga paja lake, na sisi watoto tukacheka pia kwa sababu wao wanacheka. Sikuelewa kilichochekesha. Sikuelewa pia kwa nini, katikati ya kicheko hicho, Tantine aliinuka na kwenda kusimama mlangoni, akitazama mvua.

Asubuhi Mama Mbusa alijifunga kikwembe chake, kile cha majani ya kijani na ndege wa manjano, akachukua kitunga kitupu cha kubebea mavuno. Wanawake wengine wa upande wake walikuwa wanamngoja njiani. Mama alimshika mkono langoni.

“Dada, hapana enda. Tuko na chakula. Uliona weye mwenyewe.”

“Niliona,” alijibu, na tabasamu la jana likarudi kidogo. “Hata miye ku Eringeti nilikuwa na bakuli yangu. Ilikuwa ya kijani.”

“Basi ngoja hata bwana yangu atoke ku Kyavinyonge.”

“Maharagi haitangoja, dada. Ikikauka inapasuka yenyewe, inamwangika chini, panya banakula. Na hapa batoto banalala na njaa. Miye nitakaa nakuona unafunika bakuli kila siku mpaka lini?” Akamsukumia Mama yule mtoto. “Unibakishie Mbusa. Nitarudia na kitunga ya kujaa.”

Mama alilia pale langoni. Mimi nilijiuliza kwa nini alie, wakati mgeni ameahidi maharagi.

Kwa siku zile za kungoja, Mbusa hakugusa tena katikati. Alikula pembeni, matonge madogo kuliko ya mtu yeyote, akimtazama Mama kila anapomega. Bakuli liliendelea kuingia chini ya bugali ingawa sasa hapakuwa na mgeni wa kufichwa njaa yetu. Labda Mama alikuwa anamficha Mbusa. Labda alikuwa amezoea tu. Mchana Mbusa alikaa langoni, nami nilikaa naye, tukawa tunataja rangi za vikwembe vya wanawake wanaopita.

Kitunga kilikuja mchana kweupe. Kililetwa kichwani na mwanamke mmoja wa wale walioondoka naye. Alikitua uani, na mimi nilikiona kabla ya kumwona yeye. Maharagi yalikuwa yamejaa mpaka juu, mengine mekundu, mengine yenye madoa, yamepanda kilima juu ya ukingo, yamefunikwa na kikwembe cha ndege wa manjano. Kilipotua, fundo lililegea na maharagi yakaanza kumwagika, yakateleza chini, yakaruka mpaka miguuni kwangu. Yakapita ukingo. Nikaliona mbele ya macho yangu lile wimbi la Warumi, nikajua kwamba safari hii nimeipata. Nilidhani Mama Mbusa yuko nyuma, anasalimia watu njiani. Tantine alikuwa amesimama karibu na ukuta wa jiko. Nikainua mikono juu kama tulivyozoea, nikapaaza sauti:

“Maharagi ya Mama Mbusa iko abundant!”

Hakuna aliyecheka wala kunigombeza. Yule mwanamke aliyebeba kitunga alikaa chini palepale kwenye udongo. Mama alikuwa ameshika kile kikwembe kwa mikono miwili. Tantine alinitazama kama mtu anayetafuta kosa kwenye daftari na hakuna kosa.

“Pita,” aliniambia. Kisha akajifunika uso.

Hivyo nilipita barrière. Sikujua nilikuwa nimesema nini. Nilijua tu kwamba nilikuwa sahihi, na kwamba kila mtu alikuwa analia.

Tuliyapika maharagi hayo siku ile ile. Majirani waliona vibaya, lakini Mama alisema Mama Mbusa aliyafia ili yaliwe, na hatayaacha yaote ukungu kwa heshima za bure. Jioni bugali ikaja, ndogo, bapa, haikung'aa, na maharagi yamejaa sufuria. Nilikula mpaka tumbo likaniuma, na ndipo nilipogundua kwamba sina minyoo. Mbusa hakugusa maharagi. Alienda moja kwa moja katikati ya bugali kwa mkono wote. Hakuna aliyemzuia. Akachimba, akachimba, mpaka vidole vikafika kwenye sinia lenyewe, akapapasa kulia na kushoto. Halafu akaanza kulia kwa sauti kubwa. Mama alimwuliza, “Unatafuta nini, mutoto yangu?” Mimi nilifikiri analilia bakuli, na kwa muda mrefu nilifikiri hivyo, kwamba mtoto huyu amelipenda bakuli letu.

Baba alirudi baadaye, amekonda, bila samaki. Mbusa alibaki kwetu akawa mtoto wa nyumba. Maana ya lile bakuli niliielewa nikiwa na jiko langu mwenyewe, siku wageni waliponijia na unga umebaki kidogo, mkono wangu ukafungua kabati na kutafuta bakuli bila kuniuliza. Nilisimama pale jikoni nikalia kama mjinga. Wanawake wawili walikuwa wamekaa mbele ya mlima mtupu, kila mmoja anajinyima ili mwenziwe asione haya, na mimi katikati yao nameza mbegu za papai.

Basi nilikuwa nimekaa na bakuli mapajani, siku ya kugawana vyombo, Mbusa alipoingia jikoni. Sasa ni mtu mzima, ana duka la vipuri vya pikipiki na kitambi cha heshima. Alilichukua bakuli, akaligeuza, akapitisha kidole gumba kwenye mgongo uliochubuka.

“Yaya,” aliniambia, kama tunavyomwita dada mkubwa, “mama yangu alijua tangu siku ya kwanza. Aliniambia: kula kando, hapana fika katikati, mama wa batu asipate haya. Aliniambia kila siku. Miye njo nilisahau.”

Akaligeuza tena, ua likatazama juu.

“Kama singechimba,” alisema, “angebakia?”

Nimelitafutia swali hilo jibu tangu hapo na sijalipata. Maharagi yalikuwa yanakauka kwa vyovyote. Alikuwa na shamba, alikuwa na fahari yake, na alijua siri yetu kabla ya mkono wa mtoto kuifikia. Lakini pia ni kweli kwamba mpaka siku ile walikuwa wanaweza kudanganyana kwa upendo, na baada ya siku ile hawakuweza. Ningemwambia angeenda tu, ningekuwa ninampa bugali yenye bakuli chini. Ningemwambia angebaki, ningemuua. Nikamshika mkono. Tantine, aliyekuwa kwenye kona na sasa hasikii vizuri, aliuliza, “Anasema nini?”

Jioni walituita tukale tena. Majirani walikuwa wameleta vyakula vya kutuaga, sinia baada ya sinia, samaki, ndizi, nyama, na katikati bugali kubwa ya watu wengi. Mbusa alikaa na binti yake mdogo kati ya magoti yake. Mtoto akamega pembeni, vizuri, kama alivyofundishwa na mama yake.

“Chimba katikati,” Mbusa alimwambia.

Mtoto akamtazama, hakuamini. Shangazi mmoja akalalamika, “Mbusa, unamufundisha mutoto adabu gani hiyo?”

“Mumuache afike chini.”

Yule mtoto alizamisha mkono, akacheka kwa sababu ya joto, akachimba mpaka kiwiko kikachafuka. Wote tukaacha kula tukamtazama. Akapapasa, akatoa mkono, akamwonyesha baba yake vidole.

“Haiko kitu, Papa. Iko bugali tu.”

“Iko bugali tu?”

“Iko bugali tu.”

“Basi kula,” Mbusa alisema, akageuza uso ukutani.